Mawe ya Shimo la Saba

Mjane alikataa kukaa. Alisimama mbele ya meza ya Inspekta, mkoba ameukumbatia kifuani, na kila mlango wa kituo uliposukumwa aligeuka kuangalia nani anaingia.

"Hawakuiba hata kijiko," alisema. "Tumetoka kumzika mume wangu, tunarudi nyumbani, tunakuta magodoro yamepinduliwa, unga umemwagwa sakafuni, viatu vya watoto vimetolewa mpaka soli za ndani. Redio ipo. Pasi ipo. Sasa niambie, Inspekta, mwizi gani huyo?"

"Mwizi anayejua anachotafuta."

"Na mimi sikijui. Ndiyo balaa lenyewe hilo. Ningekijua ningemwekea mlangoni akichukue aende zake. Amekosa, kwa hiyo atarudi. Na akirudi atanikuta mimi na wanangu wawili."

Inspekta hakumwambia asiogope. Katika kazi yake alikuwa ameona watu walioambiwa wasiogope, na baadhi yao alihudhuria mazishi yao. Alimpa namba yake ya simu, akamwomba asikae peke yake, kisha akasimama dirishani akimwangalia anavyovuka uwanja wa kituo kwa haraka, mkono mmoja umeshika ukuta.

Mumewe alikuwa mjiolojia wa idara ya madini. Ofisi nzima ilimwita Sumaku, kwa sababu alivaa kisumaku shingoni kwa kamba, na kila jiwe alilokutana nalo alilijaribu kama linakamata. Wenzake walisema alikijaribu hata kwenye meno ya bandia ya mhasibu. Alikufa kwenye ghala la mawe la idara, chini ya rundo la masanduku lililoanguka. Mlinzi ndiye aliyedhaniwa kuendesha foklifti, mashine ya kunyanyulia masanduku, mchana ule, na alipopatikana alinuka pombe, basi kesi ikaonekana imeiva yenyewe. Mlinzi alikuwa rumande. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe kabla ya wikendi.

"Ajali ni ajali," alikuwa amesema. "Usitafute mfupa kwenye ulimi."

Lakini ajali haipekui nyumba ya marehemu.

* * *

Ghala lilikuwa refu, la mabati, na ndani yake masanduku ya mbao yalipangwa juu kwa juu mpaka karibu na paa. Kati ya rundo na rundo palikuwa na njia nyembamba ya kupita mtu mmoja, naye aende upande. Inspekta aliingia akiwa amejikunja mabega. Hakupenda mahali ambapo kitu kizito kiko juu ya kichwa chake, na hakuona sababu ya kuona haya kwa hilo.

"Afande, ukipiga chafya humu tumekwisha," sajini wake alisema kutoka nyuma.

"Basi funga mdomo, usije ukanichekesha."

Mtunza ghala, mzee mwembamba mwenye koti la kazi lililomzidi, aliwafikisha mahali penyewe. Rundo lililoanguka lilikuwa bado vilevile lilivyoachwa. Mbao zilikuwa zimevunjika, na mawe yalikuwa yametapakaa sakafuni, marefu na membamba, kila moja limepasuliwa katikati kwa urefu.

"Kila jiwe humu ni nusu," mzee alieleza. "Wakichoronga ardhini linatoka mviringo, kama mchi. Halafu linapita kwenye msumeno. Nusu inakwenda maabara kupimwa, nusu inabaki hapa iwe ushahidi. Sanduku lisomwe kama ukurasa: kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Jiwe la kwanza ndilo lililokuwa karibu na juu ya ardhi, la mwisho ndilo la chini kabisa."

"Nani ameyagusa haya tangu siku ile?"

"Nani ayaguse? Mlituambia tusiguse. Na hata msingetuambia, mama, mtu kafia hapa."

Inspekta alichuchumaa. Katikati ya uharibifu ule, juu ya mbao zilizovunjika, sanduku moja lilikuwa limekaa zima. Mawe yake yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, bila pengo, ncha ya moja imeingia kwenye ncha ya jingine. Pembeni yake lilikuwapo jingine, limekwama chini ya mihimili, na mawe yake yote yamemwagika kama inavyotarajiwa.

"Hili lilianguka likabaki hivi?"

Mzee alivuta miwani yake chini. "Haiwezekani. Labda lishushwe na malaika."

Inspekta alivaa glavu, akaliinua sanduku upande mmoja. Liligoma kidogo, kisha likabanduka kwa sauti ndogo kavu. Chini yake mbao zilikuwa na doa jeusi, na doa hilo lilikuwa limeshika kitako cha sanduku kama gundi. Aliliangalia kwa muda mrefu.

"Sajini. Damu ilikuwa mbichi sanduku hili lilipowekwa hapa."

"Kwa hiyo liliwekwa baada ya rundo kuanguka."

"Baada ya rundo kuanguka, na kabla damu haijakauka. Mtu alikaa hapa, Sumaku akiwa chini ya mbao hizi, labda bado anahema, na mtu huyo akawa anapanga mawe."

Sajini alirudi nyuma hatua moja, akaigonga mbao kwa kisigino, na mwenyewe akashtuka.

Inspekta alitaka kujua kitu kimoja zaidi. Alimwambia sajini achukue yale mawe yaliyomwagika ya sanduku la pili ayarudishe mahali pake. Sajini aliyapanga kama mtu anayepanga kuni, makubwa upande huu, madogo upande ule. Kisha alimwomba mtunza ghala ajaribu. Mzee alipata safu, lakini mawe mengine aliyaweka kichwa chini, na alipoyaunganisha yaliachana kama meno ya mtoto.

"Mimi natunza masanduku," alijitetea. "Mawe yana wenyewe."

"Na mlinzi je?"

"Yule? Yule hata soksi zake hazijui ya kulia na ya kushoto."

Ndivyo mlinzi alivyotoka kwenye kesi, ingawa yeye mwenyewe, kule rumande, alikuwa bado hajui.

* * *

"Nimesikia mna kazi huku, nikaona nipite."

Hawakusikia hatua zake. Alikuwa amesimama mwisho wa njia, mtu mrefu mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni: mkuu wa utafiti, aliyekuwa bosi wa Sumaku. Kila mtu idarani alimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu mtu.

"Karibu, Daktari," Inspekta alisema. "Nilikuwa nakuhitaji. Mimi mawe siyajui. Redioni waziri anasema nikeli itatutoa kimasomaso. Ni kweli ipo?"

Daktari alicheka kidogo. "Ya magharibi ipo, inajulikana tangu enzi za baba zetu. Uhitaji wake ndio mpya. Magari ya betri yanaisubiri, wanasiasa wanaisubiri, kila mtu anataka tuseme imepatikana. Lakini mwamba hausikilizi hotuba."

"Na kile kilima cha kaskazini alichokuwa akifanyia kazi marehemu?"

"Tulikuwa na matumaini makubwa. Miamba ya aina ile ndiyo inayobeba nikeli duniani kote. Tukachoronga mashimo saba. Mawe matupu. Mwezi ujao idara inairudisha leseni, na kilima kitabaki wazi kwa yeyote anayetaka kubahatisha."

Alikuwa amechuchumaa huku akizungumza, mbele ya sanduku walilolichezea sajini na mzee. Mkono wake ulichukua jiwe, ukaligeuza, ukalisogeza kwa jirani yake mpaka ncha zikakutana kwa mlio mdogo. Ukachukua la pili. Macho yake yalikuwa kwa Inspekta muda wote, na mdomo wake uliendelea kueleza habari za leseni, lakini mkono ulikuwa na shughuli yake. Safu nzima ilikaa sawa kabla hajamaliza sentensi.

Hapo ndipo alipogundua kuwa hakuna mwingine anayesema. Aliacha jiwe, akapangusa mikono.

"Samahani. Ni mazoea ya kazi. Sisi jiwe likikaa vibaya ni kama mtu kavaa shati ndani nje."

"Hata mimi nikiona jalada limepinda nalinyoosha," Inspekta alisema. Alishangaa sauti yake ilivyotoka ya kawaida. "Siku ile ulikuwa wapi, Daktari?"

"Kilimani, na wachorongaji. Nilipata habari kwa simu. Nililia, sikufichi. Kijana yule nilimfundisha mwenyewe." Aliangalia saa. "Niruhusuni. Kuna pole sijaipeleka."

Akaondoka, shati jeupe likipungua ukubwa kati ya marundo. Inspekta alimwacha. Mkono unaopanga mawe si ushahidi, na mtu mwenye cheo kama kile hakamatwi kwa mazoea. Alitaka kwanza apige simu kilimani. Lilikuwa kosa, na baadaye hakuliita jina jingine.

"Mzee," alisema, "sanduku hili lililokaa zima ni la shimo gani?"

Mtunza ghala aliangalia kibao cha ubavuni. "La saba. La mwisho. La chini kabisa."

"Hebu lisome tena. Kama ukurasa."

Mzee alifuata safu kwa kidole. Kwenye safu ya tatu kidole kilisimama. Mawe mawili yalikuwa yamesogezwa pamoja, lakini ncha zao hazikuoana. Moja lilikuwa limevunjika mshazari, jingine limekatika sawasawa. Mpangaji alikuwa amefanya alivyoweza, lakini haya mawili hayakuwahi kuwa jiwe moja.

"Hapa pana ujanja," mzee alisema polepole. "Kuanzia hapa si mawe ya shimo hili. Yametolewa kwingine."

"Na yenyewe yalikwenda wapi?"

Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa.

"Sijui kama ina maana. Kwenye chumba cha msumeno kulikuwa na jiwe la kuzuia mlango usijifunge. Mfagiaji aliliokota sakafuni, akaona zito, linafaa. Zito kuliko ukubwa wake, na ukilipangusa lina mng'ao kama shaba iliyochakaa. Wiki ile kabla hajafa, Sumaku alipita pale, kisumaku chake kikaruka shingoni kikaling'ang'ania. Akaliinua, akaligeuzageuza, akaondoka nalo bila kuaga. Tulimcheka: jamani, sasa anaiba hadi mawe ya mlango."

"Lilikuwa nusu?"

Mzee alionekana kuzeeka palepale.

"Zima," alisema. "Mviringo. Halikuwahi kupita kwenye msumeno."

Sasa Inspekta aliona yote, na hakufurahi kuona. Jiwe zito linalokamata sumaku: shimo la saba lilipata nikeli. Mtu aliyeyaona mawe kwanza, kabla ya msumeno na kabla ya maabara, aliyatoa akaweka makapi mahali pake, ili kilima kionekane tupu, leseni irudishwe, na yeye au rafiki zake wakiokote. Katika kuyahamisha, moja lilimponyoka. Sumaku alilipata, akaelewa, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye adabu, alikwenda kumwambia mwalimu wake. Mwalimu alimwangushia rundo. Kisha akalitafuta jiwe kwenye sanduku la shimo la saba, akidhani Sumaku amelirudisha humo, akitoa mawe moja baada ya jingine, na kila alilolitoa mkono wake ulilirudisha mahali pake. Akalikosa. Akaenda kulitafuta nyumbani watu wakiwa makaburini.

"Afande," sajini alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Amesema kuna pole hajaipeleka."

* * *

Simu iliita mpaka Inspekta akaanza kuhesabu pumzi zake. Ikapokelewa.

"Shangazi! Shikamoo, shangazi yangu."

Inspekta hakuwa na ndugu anayemwita hivyo.

"Marahaba, mwanangu. Una mgeni?"

"Ninaye, shangazi. Bosi wa marehemu, Daktari. Mtu mwema sana. Ananisaidia kupanga vitu vya marehemu."

"Watoto?"

"Wamelala chumbani. Daktari yuko hukohuko, anapanga."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetabasamu. Ni mwisho wa neno tu uliotetemeka, na ulitosha kumfanya Inspekta aushike mhimili wa rundo kwa mkono wa pili, bila kukumbuka kuwa marundo anayaogopa.

"Sikiliza. Mume wako alileta jiwe nyumbani. La mviringo, zito."

Mjane alinong'ona, "Lile la kukandamizia kifuniko cha pipa la maji uani. Aliliweka mwenyewe. Shangazi, kumbe ndilo?"

"Usilitazame. Usiende uani. Mpe Daktari simu."

Alisikia hatua, mlango, mtoto akikohoa usingizini. Kikohozi kile kilikuwa karibu sana na simu.

"Inspekta," Daktari alisema. Hakujifanya kuamini habari za shangazi.

"Daktari, samahani kukusumbua msibani. Umeondoka tu, tumepata jiwe huku. Zima, la mviringo, halijakatwa. Mzee anasema si la sanduku lolote. Nilitaka nilipeleke maabara, nikaona nikuulize kwanza wewe mwenye fani."

Inspekta aliiona nyumba ile kichwani, pipa, mjane, mtoto anayekohoa. Alijua kuwa kama Daktari hakuamini, basi amemuua mwanamke yule kwa mdomo wake mwenyewe.

"Msiliguse," Daktari alisema hatimaye. "Nakuja."

Inspekta alipiga simu kituoni. Gari la pili lilikuwa limekwenda kusindikiza msafara wa mheshimiwa, na halikutarajiwa mapema. Kwa hiyo gari lilikuwa moja, na bastola moja, ya sajini.

"Nenda kwa mjane kwa njia ya nyuma, msipishane," alimwambia. "Mtoe yeye na watoto, na jiwe la kwenye pipa. Kisha urudi."

"Afande, nikuachie hii." Mkono wa sajini ulikuwa tayari kiunoni.

"Na akighairi njiani akageuza gari? Utamzuia kwa utani? Nenda."

Gari lilipotoka tu getini alijuta, na alijuta kwa moyo wote. Alimwita mtunza ghala, akamnong'oneza jambo moja la kufanya, akamwambia alirudie. Mzee alitikisa kichwa, akasema haiwezekani, mama, haiwezekani kabisa. Inspekta alimshika bega mpaka akakubali.

Kisha akabaki na mawe. Bati lilikuwa likilia kwa jua, na kila lilipolia alitazama juu. Alijaribu kufikiria maswali atakayouliza, lakini yote yalimkimbia. Alikuwa mama wa watu, mwenye kisukari kidogo na goti bovu, amesimama ndani ya ghala akimsubiri mtu aliyewahi kupanga mawe kando ya maiti.

Daktari aliingia bila kubisha. Shati jeupe lilikuwa limelowa mgongoni.

"Liko wapi?"

"Mjane umemwachaje?"

"Nimemwacha salama. Liko wapi, Inspekta?"

Simu ilitikisika mkononi mwa Inspekta. Alishusha macho mara moja tu. Sajini alikuwa ameandika: Ninao wote watatu. Na jiwe. Inspekta alivuta pumzi, ya kwanza iliyofika chini tangu apige simu ile, na machozi yakamjia bila kuombwa.

"Hapa hakuna jiwe, Daktari," alisema. "Halijawahi kuwepo."

Daktari hakupaza sauti. Alimwangalia yeye, kisha akaliangalia rundo lililokuwa nyuma ya mgongo wake, kuanzia chini mpaka juu, kwa utulivu wa mtu anayejua uzito wa vitu. Akapiga hatua moja. Inspekta aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, lakini hakusogea.

Ndipo mlango mkubwa wa chuma ulipojigonga. Komeo likapita, kufuli likalia kwa nje, na hatua za mzee zikasikika zikikimbia.

Daktari aligeuka. "Nani kafunga?"

"Nimeagiza mimi. Haufunguliwi mpaka sajini arudi." Sauti yake ilitetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Nilitaka uwe mbali na watoto wale. Mengine sikuyapangia."